Hesabu ya Salgaa: Mwendo mara mbili, breki mara nne

Hebu jijaribu kwanza, na usikimbilie simu kutafuta jibu. Gari dogo liko kwa spidi ya kilomita 50 kwa saa. Barabara ni kavu, breki ni nzima. Dereva anakanyaga breki kwa nguvu zake zote na gari linasimama baada ya mita 14. Sasa chukua gari hilo hilo, dereva yule yule, barabara ile ile, ila spidi iwe 100. Litasimama baada ya mita ngapi?

Kama umesema 28, hauko peke yako. Ndilo jibu ambalo kichwa hutoa haraka, kwa sababu tangu darasa la pili tumezoea kwamba kitu kimoja kikiwa maradufu, mwenzake pia huwa maradufu. Ndizi mbili kwa shilingi 20, ndizi nne kwa shilingi 40. Hesabu ya ndizi haina makosa. Makosa ni kuipeleka barabarani. Jibu la swali letu ni karibu mita 56, yaani mara nne.

Tofauti ya 28 na 56 inaweza kuonekana ndogo ukiwa umekaa kwa kochi. Ukiwa Salgaa, hiyo ndiyo tofauti kati ya lori lililosimama nyuma ya foleni na lori lililoingia ndani ya foleni.

Salgaa unaijua, hata kama hujawahi kushuka hapo. Ni kile kituo cha malori kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, eneo la Rongai, kaunti ya Nakuru. Malori yanayotoka Mombasa kupeleka mizigo Uganda, Rwanda na Kongo hulala hapo, na yanayorudi hulala hapo pia. Kuna nyama choma, kuna vyumba vya kulala, kuna kila biashara inayofuata dereva aliyechoka. Juu yake kuna Sachangwan, na juu zaidi Mau Summit. Anayetoka upande wa Eldoret hushuka mteremko mrefu hadi afike Salgaa, na ni mteremko huo uliofanya jina la kituo hiki litajwe kwenye taarifa za habari kwa sauti ya chini.

Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbia kuteka petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo, na watu 36 wakakosa kuuona mwaka mpya. Baada ya hapo ndipo Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA) ikaweka vizuizi vya katikati kwenye sehemu hiyo ya Salgaa ili wanaopanda wasikutane uso kwa uso na wanaoshuka. Ilikuwa hatua nzuri, na tuliisifu. Lakini kizuizi hakipunguzi spidi ya mtu. Mnamo Juni 30, 2023, si mbali na hapo, kwenye makutano ya Londiani katika kaunti ya Kericho, lori lilipoteza mwelekeo likaparamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa, wengi wao wakiwa kazini, wakiuza vitu vya mia mbili, mia tatu.

Kila mara baada ya mkasa, tunasikia maneno matatu: breki zilifeli. Ni kama breki ni mtu aliyeamua kukataa kazi siku hiyo. Maoni yetu ni kwamba mara nyingi, kabla breki hazijafeli, hesabu ilikuwa imefeli. Na hesabu yenyewe si ile ya kutisha yenye herufi za Kigiriki. Ni kuzidisha kwa mbili na kugawa kwa mbili.

Tuifanye pamoja, polepole.

Kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 28 kila sekunde. Nusu yake, kilomita 50 kwa saa, ni mita 14 kila sekunde. Tuseme breki nzuri kwenye lami kavu zinapunguza mwendo kwa mita 7 kila sekunde inayopita. Gari la mita 14 litachukua sekunde mbili kusimama: 14, ikawa 7, ikawa sifuri. Gari la mita 28 litachukua sekunde nne. Hapo maradufu ya kwanza tumeiona: mwendo umekuwa mara mbili, na muda wa kusimama umekuwa mara mbili.

Lakini kuna maradufu ya pili, na hiyo ndiyo watu husahau. Katika sekunde hizo gari halijalala. Linaendelea kwenda mbele kwa wastani wa nusu ya spidi lililoanza nayo. La kwanza linakwenda wastani wa mita 7 kwa sekunde, kwa sekunde mbili: mita 14. La pili linakwenda wastani wa mita 14 kwa sekunde, kwa sekunde nne: mita 56. Muda mara mbili, wastani mara mbili. Mbili mara mbili ni nne. Huo ndio mchezo wote. Hakuna kipande chake ambacho mwanafunzi wa shule ya msingi hawezi.

Na hatujaongeza ule muda wa kushtuka. Kabla mguu haujafika kwenye breki, dereva anahitaji muda wa kuona, kuamua na kusogeza mguu. Ukichukua sekunde moja, gari la kwanza limekula mita 14 na la pili mita 28 kabla breki hazijaguswa. Hii sehemu ni hesabu ya ndizi kweli, inakwenda mara mbili tu. Jumla basi ni mita 28 kwa 50, na mita 84 kwa 100. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza kina jedwali linalosema jambo lile lile kwa maili: kwa maili 30 kwa saa, mita 9 za kushtuka na 14 za breki; kwa maili 60, mita 18 za kushtuka na 55 za breki. Angalia safu ya kwanza ilivyoongezeka, halafu angalia ya pili.

Wajerumani wana njia rahisi zaidi, na hufundishwa kwenye shule zao za udereva. Chukua spidi, gawa kwa 10, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Hizo ndizo mita za breki za kawaida. Ukitaka za kukanyaga kwa dharura, kata jibu nusu. Kwa 60: sita mara sita, mita 36, na dharura ni 18. Kwa 80: nane mara nane, 64, dharura 32. Kwa 120: 144, dharura 72. Unaweza kuifanya ukiwa umesimama kwenye matatu umeshika chuma, bila kalamu.

Ukishaijua njia hiyo utagundua kitu ambacho binafsi ndicho tunataka kila abiria akijue. Ili mita za breki ziwe maradufu, huhitaji kuongeza spidi maradufu. Kutoka 80, kikomo cha kisheria cha magari ya abiria na ya mizigo, ukifika tu 113 tayari mita za breki zimekuwa mara mbili. Na kinyume chake pia ni kweli, nacho ni habari njema: kutoka 80, ukishuka hadi karibu 57, umezikata mita hizo nusu. Yaani kupunguza kilomita 23 tu kwa saa kunakupa nusu nzima ya barabara.

Sasa atakuja mtu na neno la haraka. Wakenya tuna haraka, na dereva wa matatu ana haraka kutushinda sote kwa sababu anakimbizana na hesabu ya mwenye gari. Sawa, tupige hesabu ya haraka pia. Chukulia ni kilomita 30 kutoka Salgaa hadi mjini Nakuru. Ukienda 30 kwa saa, ni saa nzima. Ukizidisha spidi mara mbili ukaenda 60, ni nusu saa, umeokoa dakika 30. Ukizidisha tena ukaenda 120, ni robo saa, umeokoa dakika 15. Umeona? Kila ukiongeza spidi maradufu, muda unaookoa unakatwa nusu. Lakini mita za breki zinakwenda 9, 36, 144. Faida inakatwa nusu, hatari inaongezeka mara nne. Mfanyabiashara yeyote ukimletea biashara ya namna hiyo atakufukuza dukani.

Na hiyo ni 120, ambayo hakuna matatu inayoruhusiwa. Ukilinganisha 80 na ile 113 yetu, safari hiyo ni dakika 22 na nusu dhidi ya karibu 16. Dakika zisizofika saba. Watu wengi hutumia zaidi ya hizo wakingoja makanga atafute chenji.

Kwa lori mambo ni mazito zaidi, na maana yake ni hiyo hiyo ya neno. Kikomo cha uzito katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Uzito ukiwa maradufu, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inakuwa maradufu. Spidi ikiwa maradufu, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Breki humeza nguvu kwa kuigeuza kuwa joto, na breki zikipata joto kupita kiasi zinalegea: dereva anakanyaga na gari linamcheka. Ndiyo sababu fundi na mwalimu wa udereva husema mteremko mrefu ushukwe na gia nzito, injini ishike gari, breki zipumzike. Kuna madereva wanaofanya kinyume. Wanatoa gari kwenye gia, wanaliacha litelemke lenyewe kutoka Sachangwan ili wabane mafuta. Wanaamini mafuta yanapungua. Ila kazi yote iliyokuwa ya injini sasa iko kwa breki, spidi inapanda yenyewe, na kila inavyopanda hesabu yetu ya mara nne inaingia kazini. Lita chache za dizeli zinauzwa kwa bei hiyo. Hatusemi dereva huyo ni mjinga. Mara nyingi mshahara ni mdogo na lita alizobana ndizo chakula cha watoto. Hilo ni la matajiri wa malori kujibu. Mtu anayebana dizeli ili watoto wale, amebaniwa na mtu mwingine kwanza.

Labda unasema hesabu si yako, ulimalizana nayo siku ya mtihani. Tusidanganyane. Nenda kwenye kituo chochote cha barabara hii uangalie vijana wa rika lako wanavyouza kwa dirisha la basi. Mayai kumi na mawili kwa shilingi 25 kila moja, basi limeshaanza kusogea, na kijana ameshasema 300 na kurudisha chenji. Amefanyaje? Ameipa 25 maradufu ikawa 50, akakata 12 nusu ikawa 6, na sita mara hamsini ni mia tatu. Hajui kwamba amefanya jambo lenye jina. Makanga naye, abiria 14 kwa nauli ya 150: saba mara mia tatu, 2,100. Wote wawili wanajua kitu ambacho baadhi yetu wenye vyeti tunakitafuta kwenye simu: ukizidisha upande mmoja mara mbili na kugawa upande wa pili nusu, jibu halibadiliki.

Akili hiyo ni ya kale sana. Kwenye vitabu vya historia ya hisabati kuna njia inayoitwa ya Kihabeshi, na jamaa zake ziliandikwa kwenye mafunjo ya Misri yapata miaka 3,500 iliyopita na mwandishi aitwaye Ahmes. Tuseme umenunua magunia 22 ya viazi Molo, kila moja shilingi 1,350. Andika 22 kushoto, 1,350 kulia. Kushoto kata nusu, ukiacha masalio: 22, 11, 5, 2, 1. Kulia zidisha maradufu: 1,350, 2,700, 5,400, 10,800, 21,600. Futa kila mstari ambao nambari ya kushoto inagawanyika kwa mbili. Zinabaki 2,700, 5,400 na 21,600. Jumlisha: 29,700. Jaribu na kikokotoo uone. Mtu wa njia hiyo hakuhitaji jedwali la kuzidisha hata moja. Alihitaji kujua mbili tu. Na kama utashangaa inatumika wapi leo, ni ndani ya hiyo simu yako. Kompyuta huzidisha kwa mtindo uo huo, mbili kwa mbili.

Kwa hivyo uwezo tunao. Tunachokosa ni kuipeleka hesabu mahali inapotuuma. Na si barabarani tu.

Kuna ushauri unaozunguka kwenye vikundi vya vijana kuhusu kamari za simuni: ukipoteza, weka maradufu, maana lazima siku moja utashinda na kurudisha zote. Kaa chini uipige. Anza na shilingi 50 na upoteze mara kumi mfululizo: 50, 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200, 6,400, 12,800, 25,600. Umeshapoteza 51,150. Sasa unatakiwa uweke 51,200, na ukishinda, faida yako baada ya jasho hilo lote ni shilingi 50. Hamsini! Bei ya mayai mawili kwa dirisha la basi. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na wengi walipiga makofi. Siku 30 zilipita. Jedwali hili la mistari kumi lingefaa kubandikwa mahali matangazo yale yalipokuwa.

Mikopo nayo ni hivyo hivyo. Mkopo wa simu wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi unasikika mdogo. Lakini ukiwa unakopa mpya kila mwezi ili kulipa ule wa zamani pamoja na ada yake, gawa 72 kwa 7.5. Unapata 9.6. Ndiyo miezi ambayo deni lako litachukua kuwa maradufu. Hata sheria inalijua neno hili maradufu: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinasema mkopo ukishakwama, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kuzidi ile pesa iliyokuwa imebaki wakati mkopo ulipokwama. Kwa maneno mengine, benki ikishafika maradufu, gharama za kufuatilia deni kando, inatakiwa isimame. Waliotunga walijua kwamba maradufu, ikiachwa bila breki, haisimami yenyewe.

Turudi barabarani, maana deni linaweza kujadiliwa upya na kaburi haliwezi.

Kuna utafiti uliofanywa hapa Kenya ambao kila abiria angepaswa kuujua. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walichagua kwa bahati nasibu matatu zaidi ya 1,000 za masafa marefu, na kwenye hizo zilizochaguliwa wakabandika vibandiko ndani vya kuwahimiza abiria waseme dereva akiendesha vibaya. Hawakuongeza kamera, hawakuongeza polisi. Ni karatasi tu, na mdomo wa abiria. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kwamba madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili, kutoka kiwango cha asilimia 10. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampeni ya Zusha, ambayo pengine umewahi kuona kibandiko chake ukadhani ni pambo.

Nusu. Soma tena sentensi hiyo. Tangu sheria za Michuki za 2004 tumekuwa na vidhibiti mwendo, mikanda, faini, vizuizi vya barabarani vya polisi, na tunajua wote jinsi noti inavyopita kwenye kiganja. Halafu kibandiko kinachosema usinyamaze kinakata ajali nusu.

Kwa nini basi hatusemi? Kwa sababu tunaona aibu, na kwa sababu hatuna cha kusema. Abiria akisema "dereva, punguza", anajibiwa "kwani unaogopa kufa?" na gari zima linacheka. Lakini abiria aliye na nambari ni mgumu kuchekwa. "Dereva, uko 110. Ukikanyaga breki sasa hivi kwa nguvu zote, ni mita 60 kabla tusimame, na lori lile liko mita 30." Jaribu kuona nani atacheka hapo. Mama aliyebeba mtoto kiti cha nyuma hatacheka. Akisema mmoja, wa pili husema, na wa pili akisema gari limeshakuwa la abiria.

Mamlaka ya Usafiri na Usalama (NTSA) nayo tunaidai mambo mawili. Kwanza, mtu asipewe leseni ya kuendesha gari la abiria au lori bila kuonyesha kwamba anaweza kukadiria mita za kusimama kwa spidi atakayopewa. Leo mwanafunzi wa udereva anakariri alama za barabarani na kusukuma kigari cha kuchezea kwenye ubao wa mji. Ni sawa, lakini ubao huo hauna mteremko wa Sachangwan. Pili, wakishirikiana na KeNHA, waongeze kwenye mabango ya "Punguza Mwendo" jambo ambalo dereva anaweza kulitumia. Neno punguza halina kipimo. Bango linalosema "40: mita 16, 80: mita 64" lina kipimo, na dereva aliyeacha shule darasa la sita analisoma.

Walimu wa hisabati, tunawaomba pia. Mfano wa vikapu vya machungwa umechoka. Mtoto wa Salgaa, wa Rongai, wa Molo anavuka barabara hii kila siku akienda shule. Mpeni lori.

Nawe, msomaji, ukipanda gari wikendi hii kuelekea Eldoret au kurudi Nairobi, chukua hesabu moja ya mwisho, nyepesi kuliko zote. Angalia kipimo cha spidi mbele ya dereva na ukate nambari hiyo nusu. Nusu hiyo, kwa mita, ndiyo nafasi ndogo kabisa inayofaa kuwa kati yenu na gari la mbele. Kwenye 80 ni mita 40. Huwezi kupima mita ukiwa kwenye kiti, basi chagua mlingoti kando ya barabara. Gari la mbele likiupita, anza kuhesabu taratibu sekunde mbili. Mkiufikia kabla hujamaliza, mko karibu mno, na hapo ndipo pa kufungua mdomo. Na kama ni ule msimu wa ukungu na mvua kule juu Mau Summit, lami ikiwa inang'aa, usiikate nambari nusu. Ichukue nzima: 80 kwenye kipimo, mita 80 mbele, sekunde nne.